Mashine Iliyomkatiza Baba

Mtu akiingia kwa mara ya kwanza katika kile chumba cha mafundi, kitu cha kwanza anachokiona kwa yule dada si bisibisi iliyo mkononi wala miwani iliyoteremka puani. Ni ukucha wa kidole gumba cha kushoto. Kucha nyingine zote zimekatwa fupi kama za mwanafunzi wa bweni, lakini huo mmoja umepakwa kijani juu ya nyekundu juu ya kijani, mpaka umekuwa mnene kama mlango wa duka unaopakwa rangi kila mwaka bila kukwanguliwa. Wateja wapya hudhani ni mtindo. Wa zamani wanajua kwamba hapo ndipo anapojaribia. Kila akifungua kichupa cha rangi ya kucha, hupitisha brashi kwenye ukucha huo kuona kama rangi haijaganda, halafu ndipo anaweka doti kwenye kijiti cha RAM. Doti ya kijani maana yake kijiti ni kizima. Doti nyekundu maana yake hakifai. Kwa ajili hiyo wote wanamwita Dada Rangi, na jina lake la kuzaliwa limebaki kwenye vyeti vya shule tu.

Kijiti cha RAM ni kile kipande chembamba chenye chipu nyeusi ambamo kompyuta huiweka kazi inayoishughulikia kwa wakati huo. Kikiwa kidogo, mashine inajikokota. Kikiwa na kasoro, mashine inaanguka katikati ya kazi, skrini inageuka buluu, na kila ambacho hakijahifadhiwa kinapotea. Dada Rangi alikuwa na boksi zima la vijiti alivyovichomoa kwenye mashine zilizokufa. Kila kimoja alikipima kwenye kompyuta kubwa ya zamani iliyokaa kwenye kona ya chumba, ambayo yeye na mwenzake waliiita Bibi. Kijiti kikikaa kwa Bibi nusu siku bila kosa, kilipata doti ya kijani. Doti aliiweka juu ya karatasi ndogo ya maandishi iliyobandikwa kwenye kijiti, kwa sababu hapo ndipo rangi iliposhika vizuri.

Mwenzake alikuwa fundi simu, mwanamume mwenye mdomo mwepesi na mikono mizito, ambaye aligawana naye chumba na gharama ya umeme. Alimheshimu Dada Rangi sana, lakini heshima yenyewe aliionyesha kwa kumtania kutwa.

Nyumbani, Dada Rangi aliishi na baba yake. Mama alikuwa amefariki, na kaka alikuwa ameondoka.

Baba alikuwa dalali wa mnada, na katika kazi hiyo chombo chake kilikuwa sauti. Alisimama juu ya kreti mbele ya vitanda, majokofu na makabati ya watu, akamwaga maneno bila kuvuta pumzi, hata waliokuja kutazama tu wakajikuta wameinua mkono. Bei ikifika mwisho, aligonga meza kwa kipande cha mti: ko, ko, ko. Imeuzwa. Baada ya hapo hata ukigaragara chini, hakuna wa kukusikiliza.

Tabia hiyo alirudi nayo nyumbani. Watoto wakigombania zamu ya kuosha vyombo, baba aligonga meza kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ko, na kesi ikafungwa. Na siku kaka yake Dada Rangi aliposema hataki kurithi kazi ile, kwamba hawezi kupanda juu ya kreti auze godoro huku mwenye godoro amesimama pembeni akilitazama, baba hakubishana naye. Aligonga meza. Kaka alichukua begi, akahamia mji mwingine, akapata kazi ya zamu kiwandani. Tangu hapo salamu zake zilipitia kwa dada yake.

Kisha koo la baba likaugua. Madaktari waliutoa ugonjwa, na sauti wakaitoa pamoja nao. Mtu ambaye mtaa wa pili walimsikia akipiga chafya, sasa aliomba maji kwa kuonyesha kikombe.

Dada Rangi hakulia mbele yake. Alifanya kile anachokiweza. Alitafuta laptopu iliyotumika, akaweka programu ya kusoma maandishi kwa sauti, akazikuza herufi zikawa kubwa kama za bango. Baba aliandika, mashine ikasema. Sauti yenyewe ilikuwa ya mwanamume mtulivu, asiye na furaha wala hasira.

"Huyu bwana," mashine ilisema siku ya kwanza, huku baba amekaza uso kama hakuandika yeye, "anaongea kama karani anayengoja kustaafu."

Dada Rangi alicheka mpaka akajishikilia ukutani. Nyumba ile haikuwa imesikia kicheko tangu siku za hospitali.

Tatizo ni kwamba mashine ilikuwa nzito. Baba alimaliza kuandika, halafu wakakaa wakitazamana mpaka karani apate nafasi ya kusema. Kwa hiyo Dada Rangi akachagua kijiti kizuri kwenye boksi lake, chenye doti ya kijani inayong'aa, akakipachika kwenye nafasi ya pili iliyokuwa tupu. Maneno yakaanza kutoka papo hapo. Baba alimshika shavu.

Siku chache baadaye alikuwa akimsimulia bintiye habari za jirani anayefuga bata.

"Leo asubuhi, mama, bata mkubwa aliingia kanisani wakati wa maombi, na jirani yetu akamfuata kwa magoti ili aonekane anasali, halafu mchungaji akafumbua macho na..."

Kimya. Skrini ilikuwa buluu. Baba alibaki ameinua vidole hewani, macho bado yanacheka, mpaka cheko likaisha lenyewe. Mashine ilipowaka tena, Dada Rangi alimwomba amalizie. Baba alitikisa kichwa. Utamu ulikuwa umeshapita.

Ikawa ndiyo hali. Maneno machache mashine iliyavumilia. Lakini baba akinoga, hadithi ikawa ndefu, na kazi ikaongezeka ndani ya mashine, ilianguka. Dada Rangi aliifungua akasafisha feni. Akabadilisha mafuta ya kupoozea chipu. Akafuta programu, akaiweka upya. Akabadilisha diski. Akaazima chaja. Kila mara ilikaa vizuri muda wa kutosha kumpa matumaini, halafu ikaanguka.

"Umepima RAM?" fundi simu aliuliza, bila kuinua macho kwenye simu aliyoipasua.

"Ina doti ya kijani."

"Nimekuuliza umepima. Sijakuuliza habari za rangi."

"Bwana wee, kijiti hicho kimekaa kwa Bibi nusu siku, hakuna kosa hata moja. Nisifundishwe kazi yangu."

"Haya, mkuu. Lakini doti umeipaka wewe. Haikushushwa na malaika."

Dada Rangi aliiona ni dharau. Siku nzima wakafanya kazi wamepeana mgongo.

Kilichomuumiza zaidi hakikuwa mashine. Ni kwamba baba alianza kujifunza. Alianza kusema kifupi ili awahi kabla haijaanguka. Chai. Asante. Nimelala vizuri. Mtu aliyeweza kuuza kitanda chenye miguu mitatu kwa hadithi ya ule mguu wa nne, sasa alitoa neno moja moja, kama mtu anayevuka mto juu ya gogo. Jioni moja, bintiye akiwa ameifungua tena mashine mezani, baba alingoja aifunge, akaandika.

"Mama. Usihangaike. Mafupi yanatosha."

Dada Rangi alitoka nje, akaanua nguo, akazianika tena.

Wakati huo huo madaktari waliona uvimbe mpya shingoni mwa baba. Walisema arudi hospitali, na walivyosema, hawakumtazama usoni. Dada Rangi alimpigia kaka yake.

"Ongea naye. Kabla hajalazwa. Mimi nimechoka kuwa posta."

"Atasemaje na hana sauti?"

"Mashine inamsemea. Utamsikia."

"Nitampigia. Lakini nina swali moja tu, dada. Akilijibu, nimemaliza."

Walikubaliana apige jioni, dada akiwepo. Siku yenyewe zamu zikabadilishwa kiwandani, naye akapiga mchana. Dada Rangi alikuwa kazini. Yaliyotokea aliyaunganisha baadaye, nusu kwa baba, nusu kwa kaka.

Baba aliifungulia simu sauti kubwa, akaiweka kando ya mashine.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimefurahi," karani alisema.

"Baba, sitakuchosha. Nikirudi nyumbani, na sitafanya kazi ya mnada, sasa wala kesho, utanipokea?"

Hapo baba akasahau mafupi yake. Aliandika kwa muda mrefu. Alikuwa na mengi ya kujibu, na aliyaandika yote, huku mtoto wake akingoja upande wa pili na mashine za kiwanda zikivuma nyuma yake. Halafu akabonyeza.

"Mwanangu, hilo swali..." karani alisema, na skrini ikawa buluu.

"Baba?"

Baba alibonyeza kitufe. Alibonyeza vyote.

"Baba? Uko hapo? Nijibu basi."

Hakuwa na sauti ya kusema ngoja. Hakuwa hata na sauti ya kuguna. Alichokuwa nacho ni meza. Akaigonga, ili mwanawe ajue kwamba yupo, kwamba hajaenda popote, asikate. Ko, ko, ko.

Kaka akakata.

Dada Rangi alimkuta baba amekaa mbele ya mashine, mkono umelala juu ya meza, kifundo cha kidole kimekuwa chekundu. Aliiwasha mashine. Baba aliandika polepole.

"Nimegonga. Amekata."

Alielewa bila kuambiwa zaidi. Akakimbilia simu.

"Nimepata jibu langu, dada," kaka alisema. "Usijisumbue."

"Kaka, mashine ilizima! Nakuapia, ilizima yenyewe!"

"Mashine ilizima, halafu meza ikajigonga?"

Simu ikakatika mkononi mwake. Alipopiga tena haikupokelewa.

Asubuhi aliibeba laptopu mpaka chumba cha mafundi. Fundi simu alimtazama usoni mara moja, akameza utani aliokuwa ameuandaa, akasogeza vitu vyake kumpa nafasi kwenye meza. Dada Rangi alianza mwanzo kabisa, kama mwanafunzi. Alichomoa kile kijiti cha pili, akaacha cha kwanza peke yake, akaipa mashine kazi nzito. Ilijikokota, lakini haikuanguka. Alichomoa cha kwanza, akaweka cha pili peke yake. Iliwaka, ikaenda kidogo, ikaanguka. Akabadilisha nafasi, kilichokuwa kushoto kikaenda kulia. Ikaanguka vilevile. Akakirudisha kile kijiti kwa Bibi. Kwa Bibi kilitulia kama maji mtungini.

"Kijiti kizima," alisema. "Laptopu nzima. Mbona havikai pamoja?"

"Kimeandikwaje?" fundi simu aliuliza kwa upole.

"Kimeandikwa..." Akakigeuza. Nusu ya maandishi ilikuwa chini ya doti ya kijani.

Alichukua pamba na dawa ya kufutia rangi ya kucha. Doti ikalainika, ikavutika, ikatoka. Chini yake palikuwa pameandikwa kiasi cha umeme ambacho kijiti kinahitaji: volti moja na nusu. Kwenye kile cha kwanza, kilichokuja na mashine, kiasi kilikuwa pungufu ya hapo. Laptopu ile ilitengenezwa kutoa umeme mdogo. Bibi, kwa uzee wake, alitoa ule mkubwa. Kijiti kilikuwa kikishiba kwa Bibi na kushinda na njaa kwa baba. Kazi ikiwa ndogo kiliweza kujikaza. Kazi ikizidi, kilizimia.

Fundi simu hakusema nilikuambia. Alisema, "Pole, dada."

"Nimemkatiza baba maneno mimi mwenyewe," Dada Rangi alisema. "Kwa mkono huu."

"Umemtafutia sauti kwa mkono huo huo. Kaa chini kwanza."

Hakukaa. Alilimwaga boksi lote mezani, akaanza kufuta doti, kimoja baada ya kingine, na kila alipofuta aliwakumbuka wateja. Yule mwalimu aliyerudi akilalamika na yeye akamwambia ni umeme wa nyumbani kwake. Yule mama wa duka la nguo aliyesema mashine inamkatisha tamaa, naye akamshauri asifungue vitu vingi. Wote walikuwa wameondoka na doti ya kijani, wameridhika. Pamba zilirundikana. Chumba kikanuka kama saluni, na mteja mmoja akachungulia mlangoni akauliza kama siku hizi wanapaka kucha.

"Tunapaka," fundi simu alimjibu, "lakini leo tunafuta tu."

Katika boksi zima kilipatikana kijiti kimoja kinachofaa. Umeme wake ulikuwa uleule mdogo. Kasi yake ilizidi kidogo ile ya mwenzake, lakini hilo halina madhara, kwa kuwa chenye kasi kubwa hukifuata chenye kasi ndogo. Safari hii hakukipima kwa Bibi. Alikipachika ndani ya laptopu yenyewe, pamoja na mwenzake, akaviacha vipimwe vyote viwili mpaka walipofunga chumba. Hakuna kosa. Hata hivyo hakuamini. Kipimo cha kweli kilikuwa nyumbani.

"Baba," alisema, akiiweka mashine mezani, "ongea mpaka ianguke."

Baba aliitazama mashine kama mtu anayemtazama mbwa aliyewahi kumuuma.

"Niongee nini?"

"Chochote. Ila ndefu."

Vidole vilikaa juu ya herufi bila kushuka. Hatimaye viliandika, "Nimesahau ndefu."

Dada Rangi aligeuza uso dirishani. Halafu akajifanya amekasirika. "Dalali mzima unasahau kuongea? Basi niuzie hiki kiti. Kimevunjika mgongo, na mimi sikitaki. Niuzie."

Baba alikiangalia kiti. Akaandika, akasita, akaandika tena. Na karani yule mwenye sauti ya kungoja kustaafu akaanza kunadi.

"Mabibi na mabwana, sogeeni, msimwogope, huyu ni kiti tu. Mgongo wake umevunjika, ni kweli, sifichi, lakini niulizeni umevunjwa na nani. Umevunjwa na mama wa nyumba hii, aliyeegemea hapa akicheka siku mwanawe wa kiume alipojaribu mara ya kwanza kupika, akachemsha mchele bila maji. Aliyekalia kiti hiki hakuamka na huzuni. Huyu binti mnayemwona amesomea vitabu vyake vya shule hapa. Huyu mtoto wa kiume alikaa hapa akaniambia ukweli wake, na mimi sikumsikiliza, nikafanya haraka kufunga mnada kabla bei haijafika..."

Iliendelea na kuendelea. Sauti haikuwa na mawimbi wala mbwembwe. Maneno ya dalali yalitoka yamenyooka kama tangazo la vifo redioni, na pengine ndiyo sababu Dada Rangi hakuweza kucheka hata pale pa kuchekesha. Mashine haikuanguka. Ilisema mpaka neno la mwisho, ikanyamaza kwa sababu baba amemaliza.

Usiku ule ule alimwandikia kaka yake ujumbe. Hakumbembeleza. Alimweleza habari za kijiti na umeme, jinsi alivyoamini rangi yake mwenyewe. Alimweleza kwamba mtu asiye na sauti, akitaka kusema usikate, hana kingine isipokuwa meza. Alimtaka baba aandike jibu lake waliambatanishe. Baba alikataa.

"Aliniuliza kwa mdomo. Nitamjibu akiwa ananisikiliza."

Ujumbe ulisomwa. Haukujibiwa. Baba hakuuliza, ila kila bintiye aliporudi kazini alimtazama kwanza mkononi penye simu, ndipo amtazame usoni. Uvimbe wa shingoni ulikuwa umeanza kuonekana hata chini ya kitambaa. Tarehe ya kulazwa ilipangwa Jumatatu, na daktari alisema wazi kwamba safari hii baada ya dawa huenda hata mikono ikakosa nguvu kwa muda. Kwa muda gani, hakusema.

Ijumaa simu ilitetemeka. "Jumapili. Nikitoka zamu." Basi. Hakuandika kama anapiga ili apokee jibu au ili aseme lake la mwisho. Dada Rangi aliusoma ule ujumbe mbele, akausoma nyuma, hakupata zaidi ya hayo.

Jumapili baba aliamka akaoga bila kukumbushwa. Alichagua shati la mikono mirefu, lile la kazini, akafunga vifungo vyote.

"Baba, ni simu. Hatakuona."

"Mimi najiona," karani alijibu.

Dada Rangi alichomeka chaja, akahakikisha imeshika. Akafunga kila programu isiyohitajika. Akaweka simu kando ya mashine, akaisogeza, akairudisha palepale. Kengele ya simu aliipandisha mpaka juu kabisa. Mara moja ililia na wote wawili wakaruka, lakini alikuwa yule mwalimu, ambaye mashine yake ilikuwa imerudishwa ibadilishwe kijiti, akitaka kujua itakuwa tayari lini. Alimjibu kwa heshima na kwa haraka, akakata.

Baba hakuwa ameandika kitu. Skrini ilikuwa nyeupe, na kile kistari cha kuandikia kilikuwa kikimetameta kwenye mstari wa kwanza. Alikuwa amenyoosha vidole vyake juu ya herufi kimoja kimoja, avipashe moto, kama alivyokuwa akilainisha koo zamani kabla ya kupanda juu ya kreti.

"Zamu yake inaisha saa ngapi?" karani aliuliza.

"Muda wowote kuanzia sasa, baba."

Baba aliitikia kwa kichwa. Akavuta kiti karibu zaidi na meza, na wote wawili wakaielekezea simu macho.